Mgonjwa si tarishi: barua ya wazi kwa wakuu wa mtandao wa hospitali zetu za mafunzo

Kwa Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi, Mkurugenzi Mtendaji, waganga wafawidhi wa hospitali zote zilizo chini ya mtandao, na Mkuu wa Shule ya Udaktari.

YAH: BAHASHA AMBAYO HAIKUFUNGULIWA

Nawasalimu kwa heshima.

Nilivaa sare ya uuguzi miaka 31, mingi ya hiyo katika wodi za hospitali ya mafunzo, pale ambapo kila asubuhi kitanda kimoja huzungukwa na makoti meupe kumi na mgonjwa hajui amtazame yupi. Sasa nimestaafu. Ninayoandika hapa nimeyaona nikiwa upande wa pili wa kitanda, kwenye kiti cha ndugu wa mgonjwa, na nakiri kwamba miaka yote ile niliyowaambia watu "subirini hapo" sikujua kiti kile kinachosha namna gani.

Sitataja ni hospitali ipi wala daktari yupi. Barua hii haimshitaki mtu. Karibu kila niliyekutana naye siku ile alifanya kazi yake sawasawa, na bado mgonjwa wangu akachelewa. Hapo ndipo ninapoomba mtulie kidogo, kwa sababu kosa la mtu mmoja mnajua kulishughulikia: mnaita kikao, mnaandika onyo. Kosa ambalo kila aliyeligusa alikuwa sahihi, hilo halina wa kuandikiwa onyo isipokuwa ninyi.

Saa moja kamili asubuhi nilikuwa nazungumza na dada yangu mkubwa kwa simu, mzima kabisa, ananitania. Katikati ya sentensi maneno yakaanza kumburuzika. Binti yake akachukua simu: "Mama mdogo, mdomo umekwenda upande." Mkono wa kulia nao ukalegea. Kufikia saa mbili kasoro dakika kumi walikuwa kwenye hospitali ya karibu, mojawapo ya zile ambazo kwenye chati yenu zimechorwa pembeni, na mimi nikawakuta mlangoni. Saa mbili na nusu kipimo cha CT, ile picha ya ndani ya kichwa, kilikuwa kimeshapigwa. Mashine mpya, nzuri, nawapongeza. Tatizo, wa kuisoma picha alikuwa hospitali kuu, na picha yenyewe haikuwa na njia ya kumfikia.

Aliyetupokea alikuwa daktari tarajali. Kijana mwenye macho mekundu ya kukesha, lakini kichwa chake kilikuwa kinafanya kazi vizuri kuliko vingi nilivyovijua. Alishuku damu iliyoganda imeziba mshipa wa ubongo, na alijua dawa inayotakiwa. Akaanza kupiga simu hospitali kuu. Ya kwanza ikaita mpaka ikakata. Ya pili wakamwambia ajaribu wodini. Wodini wakamrudisha kitengo cha dharura. Dharura wakasema kitanda hakuna, azungumze na bingwa wa zamu. Bingwa wa zamu alikuwa kwenye raundi, anafundisha. Kibali cha kumpokea dada kilipatikana saa nne na nusu. Gari la wagonjwa likaondoka saa tano. Barabarani tulitumia dakika 45 tu.

Muda wote huo nilikuwa naitazama saa ya ukutani, maana hesabu yake naijua. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwenye kiharusi cha namna ile hutolewa kabla ya saa 4 na nusu kupita tangu dalili zianze, na kila dakika ndani ya muda huo ina bei. Mwaka 2006 mtaalamu mmoja wa mishipa ya fahamu, Jeffrey Saver, alikokotoa kwamba mshipa mkubwa ukiziba, ubongo hupoteza wastani wa seli milioni 1.9 kila dakika. Dada aliugua saa moja. Mlango wake ulikuwa unafungwa saa tano na nusu. Sisi tuliteremka kwenye gari saa sita kasoro robo.

Sidai kwamba angepona. Dawa ile haimfai kila mgonjwa, na wapo wanaoipata kwa wakati wasiinuke. Tena ziko hospitali ambazo bonge huvutwa kwa mrija hata muda huo ukishapita, ingawa hilo nalo linataka picha itangulie kufika kabla ya mgonjwa. Dai langu ni dogo zaidi: daktari alipaswa kuamua kama dada apewe dawa au asipewe, na mwishowe aliyeamua ni saa ya ukutani.

Sasa bahasha. Kabla hatujaondoka, kijana yule aliketi mbele yangu akaandika kurasa tatu kwa mkono wake: dalili zilianza saa ngapi na nani alishuhudia, presha, sukari, dawa anazotumia dada nyumbani na alimeza mara ya mwisho lini, kisha chini kabisa namba yake ya simu. Akaifunga na kunikabidhi. "Mama, hakikisha daktari wa kule anaisoma." Nikamwambia nimekuelewa, daktari.

Kule mapokezi waliomba namba ya jalada. Namba ya hospitali ya kwanza haikutambulika, tukafunguliwa faili jipya, kana kwamba tumetoka nchi nyingine. Daktari wa kwanza akaniuliza dalili zilianza lini. Nikamnyooshea bahasha. "Ishike tu kwanza, mama." Wa pili akauliza swali lilelile, wa tatu vilevile, na kila mmoja aliandika jibu langu kwenye karatasi yake. Picha ya CT ikapigwa upya kwa kuwa ile ya kwanza haikuonekana kwenye kompyuta zao. Bahasha ikarudi mkobani mwangu. Hakuna aliyeniuliza tena.

Siku ya tatu nilimwomba nesi wa zamu anionyeshe chati ya dawa. Ni mazoea mabaya ya kazi, siwezi kukaa karibu na chati nisiisome. Nikakuta dawa moja ya kuzuia damu kuganda imeandikwa mara mbili: mstari mmoja kwa jina la kitaalamu, mstari mwingine kwa jina la kiwandani. Daktari mmoja aliiandika kutokana na maelezo ya mpwa wangu, mwingine kutokana na kopo la dawa alilolikuta kwenye kikapu. Nesi akashtuka, akamwita daktari, mstari mmoja ukafutwa, wakanishukuru. Dozi mbili zilikuwa zimekwisha kumezwa. Dawa hiyo ilikuwa imeandikwa vizuri kabisa, mara moja tu, kwenye ukurasa wa pili wa barua iliyokuwa mkobani mwangu.

Mnaona nilipo. Kwenye ubao wa geti mmeandika "mtandao". Nembo ni moja, sare ni moja, wanafunzi wanazunguka hospitali zote. Lakini siku ile kiungo kati ya hospitali yenu moja na nyingine kilikuwa mkoba wa mwanamke mstaafu. Ningekuwa nimeusahau kwenye gari, mtandao ungekuwa umesahauliwa kwenye gari. Mgonjwa na ndugu zake mmewafanya matarishi, na tarishi huyo hana mafunzo, amechanganyikiwa, anaogopa kuuliza mara mbili, na aghalabu hajui neno gani katika yale aliyoambiwa ndilo la kuokoa maisha.

Mtanijibu kwamba fedha hazitoshi. Najua, nimepanga vitanda viwili viwe vitatu. Lakini mengi ninayoyasema ni ya utaratibu, na utaratibu mlionao hivi sasa ndio wa gharama: CT mbili kwa kichwa kimoja, majalada mawili, madaktari watatu kuuliza swali moja.

Tazameni waliojaribu. Mwaka 2010 hospitali za London ziliacha mtindo wa kila hospitali kupokea kiharusi kwa namna yake. Ziliteuliwa 8, zenye bingwa na kipimo saa 24, na gari la wagonjwa likapewa amri ya kupita mbele ya hospitali ya jirani na kwenda moja kwa moja kwenye hizo. Mwaka huohuo eneo la Manchester nao walipanga vituo vyao, ila wao njia hiyo ya moja kwa moja waliwawekea wagonjwa ambao dalili zao hazijazidi saa 4. Waliobaki waliendelea na hospitali za kawaida. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa siku za kulazwa zilipungua kote kuwili, lakini vifo vilipungua kuliko sehemu nyingine za nchi huko London tu. Mwaka 2015 Manchester wakageuza mpango, wagonjwa wote wa kiharusi wakaingizwa. Nimeutafakari mfano huu sana kwa sababu pande zote mbili zilikuwa na mashine na mabingwa. Kilichotofautiana ni kanuni. London mtu wa gari hakuwa na la kukisia, Manchester ilibidi mtu aulize "dalili zilianza lini?" na jibu hilo ndilo lililoamua mlango. Nami nimewaeleza jinsi swali hilo linavyoulizwa mara tatu na kuandikwa kwenye karatasi tatu.

Na pale ambapo umbali hauruhusu kupita hospitali ya jirani, kuna njia iliyozoeleka siku hizi katika nchi nyingi: bingwa anamwona mgonjwa kwenye skrini, anaiona picha ya CT papo hapo, anamwelekeza daktari aliyeko kitandani aanze dawa, kisha mgonjwa anasafirishwa dripu ikiwa mkononi. Kijana yule tarajali asingehitaji kujua zaidi ya aliyoyajua. Alihitaji mtu mmoja wa kumwambia "anza".

Nije kwenye mafunzo, kwa sababu hii ni hospitali ya mafunzo na wapo watakaosema mzizi wa fitina ni wanafunzi. Sikubaliani nao. Nimewaona vijana hawa wakifika hawajui kushika sindano na wakiondoka wakiwa watu wa kutegemewa. Mgonjwa anayesikilizwa na mwanafunzi mara nyingi husikilizwa kwa mara ya kwanza tangu alazwe, maana mwanafunzi ndiye pekee mwenye muda wa kuuliza historia yote hadi ya bibi. Wanaofikiri hospitali isiyofundisha ni salama zaidi wajaribu kuugua mahali ambapo hakuna anayelazimika kueleza kwa sauti kwa nini anafanya analofanya.

Lakini mafunzo yana hatari zake, na hatari hizo ni za njia wanazopita watu. Hospitali Kuu ya Vienna, Austria, ilikuwa na wodi mbili za uzazi zilizopakana. Ya kwanza walifundishwa wanafunzi wa udaktari, ya pili wanafunzi wa ukunga, na wajawazito walipokelewa kwa zamu, siku ya huku na siku ya kule. Mwaka 1846 katika wodi ya kwanza walikufa zaidi ya wazazi 11 katika kila 100. Katika ya pili hawakufika 3. Ignaz Semmelweis, daktari wa wodi ya kwanza, aliandika kwamba wanawake walikuwa wakimsihi wasilazwe siku ya wodi hiyo. Waliijua. Hakuna aliyewaonyesha takwimu. Mwaka 1847 akabaini kwamba madaktari na wanafunzi walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuwapima wazazi. Akawaamuru wanawe mikono kwa maji ya klorini, na mwaka uliofuata vifo vikashuka hadi karibu mzazi 1 katika 100.

Simulizi hiyo kila muuguzi ameisikia darasani kama somo la kunawa mikono. Mimi leo naisoma kwa upande mwingine: sababu ilionekana kwa kuwa wodi mbili za hospitali moja ziliandika daftari zao kando kando na mtu mmoja akazilinganisha. Ninyi mna hospitali kadhaa chini ya nembo moja. Je, ziko daftari za kulinganisha? Ripoti yenu ya mwaka hutupa jumla: wagonjwa wangapi wamehudumiwa, wanafunzi wangapi wamehitimu. Jumla ni pazia. Tunaoishi na wagonjwa tunajua ni hospitali ipi kati ya zenu hupokea simu na ipi haipokei, kama wale wanawake wa Vienna walivyojua, na tunaambiana kwa minong'ono kwenye foleni.

Kuna watu wengine wanaojua, na hao mnao ndani. Madaktari tarajali na wanaosomea ubingwa ndio pekee mnaowahamisha kila baada ya miezi michache kutoka hospitali moja kwenda nyingine. Bingwa anaijua hospitali yake. Mkurugenzi anaijua ofisi yake (samahani, lakini ni kweli). Kijana wa mzunguko ndiye anayejua kwamba toroli la dharura kwenye hospitali ile lina dawa za moyo kwenye droo ya juu na kwenye hii ziko ya tatu, kwamba fomu ya kuomba damu ina rangi tofauti, kwamba dawa ileile huchanganywa kwa nguvu tofauti wodi hadi wodi. Wakati moyo wa mtu umesimama, sekunde za kufungua droo isiyo sahihi ni nyingi. Wanayajua yote haya kwa kuumia nayo, na hakuna anayewauliza, kwa sababu wako chini kabisa ya ngazi na wanangoja kusainiwa vitabu vyao. Waiteni. Waulizeni bila wakubwa wao kuwapo. Sina ushauri wa bei rahisi kuliko huo.

Halafu kuna suala la kukabidhiana wagonjwa. Mwaka 1984 msichana wa miaka 18, Libby Zion, alifariki katika hospitali moja ya mafunzo jijini New York akiwa mikononi mwa madaktari waliokuwa bado mafunzoni, wenye zamu ndefu mno. Kelele za baba yake zilizaa kanuni za jimbo lile mwaka 1989, saa zisizozidi 80 kwa wiki, na mwaka 2003 kikomo hicho kikawekwa Marekani nzima. Ulaya wakaenda hadi wastani wa saa 48. Mimi naunga mkono kwa mikono miwili, niliwaona waliolala wamesimama. Ila zamu zikifupishwa, makabidhiano huongezeka. Mgonjwa aliyekuwa akipita mikono miwili kwa siku sasa hupita mitatu, na katika mtandao kama wenu hupita pia kutoka hospitali hadi hospitali. Uchovu mmeupunguza; pengo mmelipanua.

Pengo hilo huzibika. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo kutoka hospitali 9 za watoto za Marekani na Kanada ambako madaktari wanaosomea ubingwa walifundishwa kukabidhiana kwa mpangilio mmoja: hali ya mgonjwa ni nzito kiasi gani, muhtasari wake, yaliyobaki kufanywa, la kutarajia likiharibika, kisha anayepokea anarudia kwa maneno yake alichosikia. Katika matukio 10,740 ya kulazwa yaliyofuatiliwa, makosa ya tiba yalipungua kwa asilimia 23 na madhara yaliyoweza kuepukika kwa asilimia 30. Muda wa kukabidhiana haukuongezeka, ulibaki kama dakika 2 na nusu kwa kila mgonjwa. Sehemu ninayoipenda ni ile ya mwisho, ya kurudia. Mtu akirudia ndipo unapojua kama amesikia au alikuwa anatikisa kichwa tu. Sisi manesi tulizoea kurudia maagizo ya simu neno kwa neno, na madaktari walikuwa wakituona wasumbufu.

Naomba lakini msikimbilie kututungia fomu. Nawafahamu, kila balaa huzaa fomu. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa katika hospitali 8 za nchi 8, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania, na matokeo yaliyotoka mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Mwaka uliofuata jimbo la Ontario, Kanada, likazitaka hospitali zake zitangaze hadharani kama zinaitumia. Hospitali 101 zikapimwa kabla na baada, na vifo havikupungua kwa kiasi cha maana. Karatasi ilikuwa ileile. Nimeona mwenyewe orodha ya namna hiyo ikitikiwa yote mgonjwa akiwa bado koridoni. Fomu isiyoambatana na watu kufundishwa pamoja na mkubwa wao kusimama pale akisikiliza ni kazi ya wino.

Kwa hiyo ninaloomba halihitaji karatasi nyingi.

Kwanza simu. Iwepo namba moja ya dharura kwa mtandao mzima, saa 24, na anayeipokea awe daktari mwenye mamlaka ya kusema "mleteni" bila kuomba ruhusa kwa mtu mwingine. Akiwa zamu ya simu asifundishe, asifanye raundi. Na neno "hakuna kitanda" lisitoke tena kwenye hospitali yenu kwenda kwenye hospitali yenu. Kitanda ni cha mtandao; kama kule hakuna, anayetafuta kwingine awe mwenye simu, si kijana aliyeacha wagonjwa kumi nyuma yake.

Jalada liwe moja. Mtu akisajiliwa popote kwenye mtandao awe amesajiliwa kote, na picha ifike kabla ya gari. Hapa najua kuna fedha ndani yake, na najua mifumo ya kompyuta ina wauzaji wenye maneno matamu. Mkishindwa kwa mwaka huu, basi angalau hospitali ya kwanza ipige simu, isome barua, na hospitali ya pili irudie ilichosikia. Simu haihitaji zabuni. Na gari likifika, nesi au daktari aliyemsindikiza asiondoke mpaka aliyempokea mgonjwa amesikiliza, mbele ya mgonjwa mwenyewe na ndugu yake. Ndugu atarekebisha mkikosea saa. Sisi hatusahau saa.

Kisha tangazeni, hospitali kwa hospitali: tangu daktari alipoomba rufaa mpaka ilipokubaliwa ilichukua muda gani, CT ngapi zilirudiwa ndani ya mtandao, wangapi walifika muda wa tiba ukiwa umepita. Mtaona aibu robo mwaka ya kwanza. Vumilieni.

Kuna jambo moja dogo nililotaka kuliacha lakini linanikereketa. Wanafunzi walipokuja kumpima dada, kundi la kwanza liliingia, likafunua shuka, likajadili, likaondoka. Kundi la pili msichana mmoja alijitambulisha kwa jina, akasema yuko mwaka wa nne, akaomba. Dada hawezi kusema, lakini alimkamata mkono kwa ule wa kushoto na hakuuachia. Ridhaa si lazima iwe fomu. Mwulizeni tu mtu, hata asiyeweza kujibu, na wafundisheni wanafunzi kuuliza kabla hamjawafundisha kupapasa ini.

Dada sasa yuko nyumbani. Anasogea kwa fimbo, maneno yake ni kama ishirini hivi, na matusi yamerudi kabla ya majina yetu, jambo ambalo madaktari wametueleza kuwa ni la kawaida na ambalo limetuchekesha mara moja au mbili. Barua ya kumruhusu iliandika "kliniki baada ya mwezi mmoja" bila kusema ya hospitali ipi. Tulikwenda ya karibu, wakatuambia ni hospitali kuu. Tulikwenda hospitali kuu, wakaomba namba ya jalada.

Kijana wa kurasa tatu alinipigia simu jioni ya siku ile kuuliza dada amefikaje. Zamu yake ilikuwa imekwisha saa nyingi. Namba yangu alikuwa ameiandika kwenye kiganja. Sitamtaja hapa asije akaulizwa kwa nini alitoa namba yake binafsi, lakini kama mnatafuta mtu wa kuwaeleza mtandao wenu unavyofanya kazi, anzieni kwa wa namna yake.

Bahasha ninayo mpaka leo, gundi haijabanduliwa. Nitaileta siku mtakayonipa miadi. Naomba tu siku hiyo awepo mtu wa kuifungua mbele yangu, aisome kurasa zote tatu, kisha anirudie kwa maneno yake kilichoandikwa ndani.

Wenu,
Muuguzi mstaafu, na dada wa mgonjwa